Siku tulipoifua bahari

Mwaka 2009 nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba moja Dar es Salaam yenye matangi manane ya saruji na kambakochi wasiopungua mia tatu. Jina la mwenye nyumba silitaji. Kosa nitakalolisimulia nililifanya kwa mikono yangu miwili na fagio.

Kazi haikuwa ngumu. Kambakochi waliletwa kutoka Kilwa na Mafia ndani ya maboksi meupe, wamefunikwa magunia mabichi. Tunawapokea, tunawapima, tunawatumbukiza tangini. Wanakaa siku tatu nne bila kula, ili tumbo liwe tupu wasije wakachafuana safarini, halafu wanapakiwa wakiwa hai na kupanda ndege kwenda Hong Kong. Aliye hai bei yake ni ya karamu. Aliyekufa, hata kama roho imemtoka dakika tano zilizopita, bei yake ni ya kitoweo. Ndiyo sababu ya kuwapo mtu wa usiku: anazunguka na tochi, anasikiliza kama pampu ya hewa inapiga, na umeme ukikatika anakimbilia jenereta kabla hata hajavaa ndala.

Maji ya bahari yalikuja kwa boza, na boza ni ghali, kwa hiyo maji yaleyale yalizungushwa. Yanatoka tangini, yanapita kwenye chujio, yanarudi. Chujio lenyewe lilikuwa pipa kubwa lililojaa kokoto za matumbawe. Kokoto hizo zilikuwa na utelezi wa rangi ya kahawia, na ukizichota zinanuka kama tope la mikokoni maji yakiwa yamekupwa.

Msimamizi wetu alikuwa mtu wa usafi, mtu wa kunyoosha shati. Siku moja akaambiwa wanunuzi wanakuja kukagua. Akaliangalia lile pipa, akaona aibu. Akaniita mimi na kijana wa pampu, ambaye wote tulimwita Fundi.

"Hiki nini? Hata mtaro wa sokoni una afadhali."

Tukazimwaga kokoto zote sakafuni, tukazimiminia maji ya bomba yaliyokorogwa klorini, tukazisugua kwa fagio la chelewa hadi zikawa nyeupe kama siku zilipochimbwa. Tukazisuuza mara tatu, tukazirudisha. Wageni walipofika walilipiga picha chujio letu. Msimamizi akatununulia soda.

Jioni ya siku ya pili kambakochi wakaanza kulegea. Kambakochi mzima ukimshika mgongoni hupiga mkia kwa nguvu mpaka maji yanakuingia machoni. Hawa mkia ulining'inia kama kitambaa cha kufutia meza. Usiku wa siku ya tatu tuliopoa themanini na kitu. Asubuhi yake niliacha kuhesabu, maana kila nilipomaliza tangi moja nilikuta lile la kwanza limeongeza.

Alikuja mtu aliyesomea ufugaji wa samaki, ana kisanduku cha vichupa vya kupimia maji. Akatia matone, akatikisa, akatuonyesha rangi. Amonia. Kambakochi huitoa kupitia matamvua yake usiku na mchana, awe amekula au hajala. Kwenye zile kokoto walikuwa wakiishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoipokea hiyo nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo mno ukilinganisha. Utelezi ule wa kahawia, ulionitia kinyaa kila nilipoushika, ndio makao yao. Tuliwaua wote kwa asubuhi moja, kisha tukawaacha kambakochi walale kwenye mkojo wao.

Nilimpigia baba simu Kilwa. Baba ni mzamiaji. Miongoni mwa wale waliokufa inawezekana kabisa walikuwapo aliowatoa pangoni kwa mkono wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sauti hiyo vipi? Umeumwa?"

Nikamweleza. Akanyamaza, nikadhani salio limekatika.

"Mmeziosha kwa nini, hizo kokoto?"

"Klorini, baba. Ya kufulia."

"Kwa hiyo mmeifua bahari," akasema. Kisha akacheka, na kile kicheko kiliniuma kuliko kama angenitukana. "Mimi tenga langu, tangu mama yako yu hai, sijaligusa hata kwa maji ya kisima."

Tenga la baba linahitaji maelezo kidogo. Anapovua, humtumia pweza. Kambakochi anamhofia pweza kupita kiasi, na wazamiaji wa pwani yetu wamelijua hilo tangu zamani: baba humfunga pweza kwenye ncha ya kijiti, anamsogeza mlango mmoja wa pango, kambakochi anachomoka mlango wa pili kinyumenyume na kuangukia wavuni. Akishampata hamleti nchi kavu. Anamtia ndani ya tenga, analizamisha mahali penye mkondo wa wastani, analifunga kwenye jiwe, na kambakochi anasubiri humo mpaka mnunuzi atakapofika, iwe kesho au wiki ijayo. Tenga limeota majani ya bahari, limeota vikombe vidogovidogo, mapengo mengine yamezibwa na matope. Mtu wa afya akiliona ataandika faini. Na baba hupoteza mmoja mmoja, mara chache, tena wengi wao ni wa kupigana.

Nilitoka kwenye kazi ile baada ya miezi michache. Leo nafundisha baiolojia sekondari, na nikiwauliza wanafunzi bakteria ni nini, darasa zima hunijibu kwa sauti moja: ni vijidudu vinavyoleta magonjwa. Siwalaumu. Hata mimi nilijibu hivyohivyo kwenye mtihani, nikapewa alama. Lakini kambakochi wale hawajaniacha, na kwa miaka hii yote nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu yao: kwanza habari za machujio, kisha polepole nikajikuta nimehama kutoka bakteria wa kwenye kokoto kwenda kwa bakteria wa tumboni mwa mnyama mwenyewe. Huko ndiko nataka kukupeleka.

Lakini turudi kwenye tangi kidogo. Asubuhi moja, kabla ya balaa la klorini, nilihesabu tangi la tano nikapata kumi na tisa. Jana yake walikuwa kumi na wanane. Nikahesabu tena, kumi na tisa. Nikaingiza mkono nimtoe yule aliyelala pembeni hajongei, akanijia mwepesi kama ganda la karanga. Lilikuwa gamba tupu, zima, na masharubu yake, na miguu yake yote, na hata kioo cha macho. Mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya bomba, laini kama jibini, anangoja aliwe na wenzake.

Nikalipasua lile gamba kwa udadisi. Ndani ya kichwa nikakuta kifuko chepesi chenye vijiwe vitatu vya kahawia vinavyofanana na meno. Nilidhani ni kitu alichokuwa amekimeza. Kumbe ni meno kweli, meno yake, na kile kifuko kilikuwa tandiko la tumbo lake.

Watanzania tulilisikia sana neno "kujivua gamba" mwaka 2011, chama tawala kilipolifanya wimbo wa mwaka mzima. Mfano waliokuwa nao akilini ulikuwa nyoka. Nyoka huvua ngozi ya nje basi, tumbo anabaki nalo lilelile. Wangemtaja kambakochi, ahadi ingekuwa nzito zaidi.

Tumbo la kambakochi liko kichwani, nyuma ya macho. Mdomo wake unararua tu; kusaga kunafanyika ndani, jino moja la juu likikutana na mawili ya pembeni. Kilichosagika kinachujwa, na ule uji mwembamba unaingia kwenye tezi kubwa ambayo wapishi wanaiita ini, ingawa kwa kazi zake ni ini na kongosho kwa pamoja. Makapi yanashika njia ya utumbo mwembamba unaopita juu ya mnofu wa mkia mpaka nje. Ule uzi mweusi mpishi anaouvuta kwa ncha ya kisu ndio huo. Sehemu ya mbele ya njia hii na sehemu ya nyuma zimetandikwa kaitini, kitu kilekile cha gamba la nje. Katikati hakuna tandiko. Kwa hiyo kila anapojivua, tandiko la mbele na la nyuma yanatoka, na bakteria waliokuwa wamejishikiza juu yake wanaondoka nalo.

Huwa nawapigia wanafunzi mfano wa Kimara. Mwaka 2017 nyumba za kando ya barabara ya Morogoro zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Ukipita leo utakuta watu tena, biashara tena, lakini si lazima wawe walewale. Ndani ya kambakochi bomoabomoa ya namna hiyo inatokea mara nyingi mno akiwa mdogo, kisha mara chache kadiri anavyokua. Na wahamiaji wapya wanatoka wapi? Kwenye kile anachokila na maji yanayomzunguka, na kwa wale wachache waliosalia katikati. Mtoto wa binadamu hurithi sehemu ya bakteria wake kwa mama. Kambakochi anawaokota njiani.

Kuna jambo lingine linalofanya wahamiaji hao wawe na uzito. Sisi tukiugua surua mara moja, mwili unaikumbuka. Tunatengeneza kingamwili maalumu za adui yule, na chanjo zetu zimejengwa juu ya kumbukumbu hiyo. Kambakochi hana kingamwili za namna hiyo. Ana chembe za damu zinazomeza wavamizi, ana damu inayoganda haraka kwenye jeraha, ana rangi nyeusi inayomwagwa kuzunguka kidonda kama saruji ya dharura. Askari anao, daftari la kuandikia majina ya wezi hana. Mnyama wa hivi, nani kamtangulia kukaa tumboni mwake ni swali la uhai. Nafasi iliyokaliwa na bakteria asiye na madhara ni nafasi aliyoikosa mwenye madhara, na chakula kilicholiwa na wa kwanza hakimfikii wa pili.

Zamani ili uwajue bakteria ilibidi uwaoteshe kwenye sahani maabara, na wengi wao hawakubali kuota. Siku hizi watafiti huchukua utumbo, wanatoa vinasaba vyote vilivyomo, wanasoma kipande kimoja cha jeni ambacho kila bakteria anacho ila kwa tahajia yake mwenyewe. Ni kama kusoma orodha ya wapangaji bila kugonga mlango hata mmoja.

Ndivyo walivyofanya watafiti huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kamba wao ni wa aina nyingine, wale wenye magando makubwa mawili. Sisi wetu hawana magando, wana masharubu marefu ya miiba. Kwenye mji mdogo wa Padstow kuna kituo kinachoangua mayai ya kamba hao na kuwalea watoto mpaka waweze kurudishwa baharini. Kundi moja la watoto likagawanywa. Wengine walibaki nchi kavu, ndani ya vyombo vyenye maji yanayotunzwa, wakilishwa. Wengine waliwekwa mmojammoja ndani ya vijumba vya plastiki vyenye matundu, maana hawa wakikutana hulana, na vijumba vikashushwa baharini. Huko baharini hakuna aliyewapelekea chakula. Walikula kilichopita na kilichoota kwenye kuta.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilicheka peke yangu ofisini, mwalimu mwenzangu akanitazama. Walikuwa wamevumbua tenga la baba.

Walifuatilia matumbo yao kwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliokaa baharini walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi tumboni kuliko ndugu zao waliobaki ndani. Tena bakteria hao wa baharini hawakuwa wamejikusanya ovyo kama abiria wa kituo cha daladala. Walielekea kuwa wa koo zinazokaribiana, dalili kwamba mazingira yenyewe yalikuwa yanachagua nani akae. Na kulikuwa na kirusi. Kirusi hicho hushambulia ile tezi ambayo wapishi wanaiita ini, na kilionekana zaidi pale ambapo aina za bakteria zilikuwa chache.

Hapa nina tabia ya kuwazuia wanafunzi wangu, na mimi mwenyewe najizuia. Kwamba mambo mawili yameonekana pamoja haina maana moja limemzaa mwenzake. Inawezekana utumbo maskini ndio uliofungua mlango kwa kirusi. Inawezekana pia kirusi ndicho kilichoingia kwanza kikafukuza wapangaji. Inawezekana maji ya ndani, chakula cha ndani na msongamano vilileta yote mawili kila kimoja kwa njia yake. Watafiti wenyewe waliandika kwa tahadhari, kwamba vijumba vya baharini huenda vinawasaidia kamba kiafya. Mimi niliyeua kambakochi kwa kuwapa usafi wasiouomba nina upande wangu tayari, na sijifichi.

Kituo kilekile cha Padstow kilikuwa kimejaribu kitu kingine kabla ya hapo. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi ambapo vibuu vya kamba, wale wadogo wanaoelea, walilishwa chakula kilichotiwa bakteria wa jamii ya *Bacillus* pamoja na sukari fulani inayotokana na ukuta wa chembe za hamira. Vikitiwa pamoja, vibuu walikua vizuri zaidi na wakafa wachache. Kwa lugha ya jikoni, ni kama kumpa mtoto maziwa ya mtindi na uji kwa wakati mmoja: unampa mgeni, unampa na posho ya mgeni.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi kinatoka Townsville, Australia, kwa sababu kinamhusu kambakochi wetu hasa. *Panulirus ornatus*, yule mwenye mapambo mengi ambaye baba anamtoa kwenye mapango ya Songo Songo, anapatikana kuanzia pwani yetu mpaka huko kwao. Kibuu chake hakifanani na mzazi hata kidogo. Ni bapa, angavu kama kipande cha nailoni, kina miguu mirefu kama buibui, na kinaelea kwenye bahari kuu kwa miezi kabla ya kupata sura ya kambakochi. Kukilea ndani ya tangi ni mtihani mgumu, na waliojaribu walikuwa wanapoteza vibuu kwa maelfu.

Muuaji mmojawapo ni bakteria aliyepewa jina *Vibrio owensii* mwaka 2010. Watafiti wakamtia jeni inayomfanya ang'ae kijani, wakawalisha vibuu chakula kilichombeba. Chakula chenyewe ni wanyama wadogo mno wa maji ya chumvi, jamaa wa mbali wa kamba, wanaoitwa artemia, ambao wafugaji wengi wa samaki wa baharini wanawatumia. Kwa kuwa kibuu ni angavu, walikaa kwenye hadubini wakaangalia ile taa ya kijani ikiingia mdomoni, ikipita tumboni, ikifika kwenye tezi, ikianza kuitafuna kwa ndani. Mlango ulikuwa chakula. Posho ya mtoto ndiyo iliyombeba muuaji wake.

Wakatafuta wa kumzuia. Wakapima bakteria wengi waliotoka kwenye vibuu na mazingira yao, wakapata wawili waliofaa, mmoja wa jamii ya *Pseudoalteromonas* na mwingine, utashangaa, ni *Vibrio* vilevile, ukoo mmoja na muuaji. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kukaa na namna yake ya kufanya kazi, na walipowekwa pamoja ulinzi ulizidi wa mmoja peke yake. Nikifundisha somo hili huwa sitaji jina la ukoo mwanzoni. Naandika *Vibrio* ubaoni, nauliza ni mzuri au mbaya. Wanaojua kipindupindu wanakumbuka kwamba bakteria wake ni wa ukoo huohuo, basi darasa zima linapiga kelele "mbaya!" Halafu ndipo naendelea.

Si kila ugonjwa unaingilia tumboni, na hili nalisema ili nisionekane nimelewa somo langu. Wamarekani walikuwa na maradhi yaliyowaua kamba wao ndani ya mabwawa ya kuhifadhia kule Maine, yakaelezwa kitaalamu mwaka 1947. Bakteria wake hawezi kulitoboa gamba zima, na akimezwa tumbo humshinda. Anahitaji jeraha. Na majeraha walikuwa wakiyatengeneza wenyewe: ili kamba wasiumizane, wavuvi walikuwa wakichomeka kijiti cha mbao kwenye kiungo cha gando lisifunguke. Kijiti kinatoboa, bakteria anaingia kwenye damu. Siku hizi gando hufungwa kwa mpira. Suluhisho la bei ya mkate, na lilichukua miaka.

Vietnam ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu naona tunakoelekea. Wanafuga kambakochi wa jamii ya wetu ndani ya vizimba vya baharini, wamewalundika, wanawalisha samaki wabichi wa bei rahisi, na mabaki yanaoza chini ya vizimba. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 ukazuka ugonjwa unaofanya damu ya kambakochi, ambayo kwa kawaida ni maji yenye ubuluu wa mbali, iwe nyeupe kama tui. Chanzo ni bakteria anayeishi ndani ya chembe za mnyama. Wafugaji wakakimbilia oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, ileile ambayo wafuga kuku wa kwetu wanaijua kwa kifupi cha OTC. Inaweza kuokoa tangi au kizimba siku ya moto. Sibezi, mtu mwenye mkopo hawezi kungoja nadharia. Ila dawa ikishafika tumboni haiulizi nani mwema nani mbaya. Inafagia kama tulivyofagia mimi na Fundi, na baada ya fagio nyumba inabaki wazi kwa yeyote atakayewahi kuingia.

Huku kwetu kunenepesha kaa kumekuwa biashara ya kueleweka Tanga na Mtwara, na sasa kambakochi nao wanatajwa kwenye kila semina ya uchumi wa buluu. Nimehudhuria moja. Tulifundishwa bei, tukafundishwa vipimo vya kizimba, tukaonyeshwa picha ya ndege. Kuhusu utumbo hakuna aliyesema neno, isipokuwa mama mmoja wa Pangani anayenenepesha kaa, aliyesimama akauliza kwa nini kaa wake wa kwenye vizimba vya mikokoni wanastahimili kuliko wale aliowaweka kwenye beseni safi nyumbani. Mtoa mada akamwambia pengine ni oksijeni. Inawezekana ni oksijeni. Lakini nilitamani nimwambie ameuliza swali la Cornwall.

Mwezi uliopita simu yangu ililia jioni, namba ngeni. Alikuwa Fundi. Hatukuwa tumeongea miaka kumi na zaidi. Yuko Tanga, ana wake wawili na matangi mawili, na alinieleza hayo kwa mpangilio huohuo. Amepata mtu wa kumuuzia kambakochi wadogo, maji anavuta kwa pampu kutoka baharini lakini si kila siku, kwa hiyo ametengeneza chujio la kuzungusha. Kokoto mpya kabisa. Zimekaa siku nne tu na kesho kutwa mzigo unaingia.

Nikamwambia asipokee mzigo. Chujio jipya linahitaji wiki kadhaa kabla bakteria wake hawajatosha. Akasema hela ya watu ameshaila. Basi nikamuuliza kama kuna mtu jirani mwenye chujio la zamani, lenye utelezi na harufu. Akasema yupo, mnenepeshaji wa kaa, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Nikamwambia aende usiku huohuo, aombe ndoo mbili za kokoto za katikati ya pipa, ahakikishe kaa wa yule jirani hawana ugonjwa, azibebe zikiwa bichi, azichanganye na zake. Hazitamaliza tatizo, lakini zitaanza kazi leo badala ya mwezi ujao. Apokee nusu ya mzigo, asiwalishe sana, na wadogo awahamishie kwenye matenga baharini mapema awezavyo.

Alikuwa anaandika, nilisikia kalamu ikikwaruza. Akarudia kila kitu: ndoo mbili, katikati ya pipa, bichi, nusu ya mzigo, matenga. Kisha akanyamaza kidogo.

"Sasa mwalimu, hizo kokoto nikishazipata," akasema, "nizisuuze kwanza?"